Za Ukutani Ndizo Kavu

"Kuni huuzwa, mume wangu, hazilelewi!" Wifi yangu alikuwa ameshika kiuno katikati ya uwanja. "Wewe kila gogo unalifanya mtoto wa kunyonya."

"Na wewe umeuza wakubwa wote," mume wake akamjibu, "ukaniachia wachanga."

Huyo mume ni mdogo wangu, tumbo moja. Watu wanamwita Mkavu, na si kwa sababu ni mwembamba, ingawa ni mwembamba. Anauza kuni. Akipasua gogo leo, hutaliona likiuzwa mpaka limalize miezi minane bandani: chini ameweka miti ili kuni zisiguse udongo, juu bati, ubavuni wazi ili upepo upite. Wauzaji wengine hukausha kuni kwa maneno.

"Kuni mbichi nusu yake ni maji," husema. "Ukimuuzia mtu kuni mbichi umemuuzia maji, tena yasiyonyweka."

Nami ni shahidi. Mwaka fulani nilinunua kuni kwa yule muuzaji wa njia panda, nikawasha, akatoka chura jikoni anajifuta jasho. Tukasalimiana, akaenda zake.

Basi, Mkavu alikuwa amesafiri siku nne kumuuguza mkwe wake. Huku nyuma wapishi wa shule wakaja na lori, wifi akawauzia rundo lote la ukutani, lile lililokwisha kukauka. Mkavu alirudi asubuhi hiyo akalikuta rundo la ukutani limejaa vilevile, limepangwa kama meno. Akachukua vipande viwili, akavigonganisha. Kuni kavu hulia ka! Hizi zilisema pu, kama mtu anayepiga godoro.

"Umezitoa wapi hizi?"

"Humu humu bandani."

"Upande gani?"

"Mlangoni. Si wewe miaka yote unaniimbia, za ukutani ndizo kavu, za mlangoni bado? Nikazihamishia ukutani."

"Lini?"

"Juzi."

"Kwa hiyo sasa zimekauka."

"Wewe ndiye fundi, mume wangu. Mimi nimefuata ulivyosema. Ukuta ni uleule."

Mkavu akaketi juu ya kigogo cha kupasulia. Nimemwona siku aliyong'olewa magego mawili, hakuketi namna ile.

Mchana huo huo Mama Mikate angekuja kuchukua kuni. Huyu mama ana tanuri la matofali, na kwa miaka tisa kila wiki amechukua mkokoteni mmoja kwa Mkavu, kwa mwingine hapana. Ndiye anayeilisha nyumba ile. Tanuri likipewa kuni mbichi linajaa moshi, matofali hayashiki moto, mkate unatoka umepauka kama mtu aliyelazwa. Na yule wa njia panda alishamwambia mara mbili: siku Mkavu akikosea, mimi nipo.

"Hatajua," wifi akasema.

Mkavu akaenda kuleta sabuni. Hicho ndicho kipimo chake: unapaka povu ncha moja ya kipande, unapuliza ncha ya pili. Kuni iliyokauka ina vinjia ndani, mapovu yatatokea upande wa pili. Wifi akapuliza. Akapuliza mpaka kilemba kikafunguka na jogoo akakimbia. Povu halikutikisika. Akakigeuza apulize upande wa pili, povu likamganda mdomoni.

"Labda mapafu yangu ndiyo mabichi," akasema.

"Mwambie bandani kuna nyoka," nikamshauri mdogo wangu. "Wa vichwa viwili. Kimoja kikilala, kingine kinashika zamu."

"Na mikate ya kesho, dada, ataiokea kwa nyoka?"

Akainuka, akaingia ndani. Tukamsikia anagonga vitu kwa kipande cha ubao.

"Mlango wa jikoni umekauka vizuri," akatutangazia dirishani, "ila una rangi. Rangi huharibu mkate."

Akatupa nje vigoda viwili. Kisha, kutoka chumbani, ikalia ka! moja tamu.

"Hapana," wifi akasema.

Mkavu akatoka anaburuta kitanda. Mti mgumu, hakijawahi kupakwa chochote, miaka ishirini na miwili chini ya paa.

"Hicho kitanda nimekizalia watoto wanne!"

"Basi umri wake unaujua."

"Tutalala wapi?"

"Ukutani. Si umesema panakausha?"

Wifi akapanda kitandani, akaketi katikati, akakunja miguu. Mkavu akachukua msumeno, akaanza na mguu wa kichwani. Mimi nilishika ubao wa kitanda ili usiyumbe. Sikuwa upande wa mtu, ila msumeno ukiyumba kazi inakuwa mbaya.

"Hakijazi mkokoteni," wifi akasema kutoka juu.

"Kitaoka mikate ya kesho. Ya kesho kutwa nitajua kesho."

"Utachoma nyumba nzima, Mkavu, kwa ajili ya mikate ya watu?"

"Nyumba ni ya matofali. Haichomeki."

Msumeno ukaendelea. Unga ulianguka mweupe, mkavu, mzuri kabisa. Hata mimi nilitamani kununua. Mguu ulipofika katikati, kitanda kikainama kidogo na wifi akainama nacho.

"Basi mwambie," akasema, na sauti safari hii ilikuwa imeshuka. "Mwambie ni mimi. Sema, mke wangu amezihamisha, hajui kuni, miaka yote hii hajui na aliona haya kuuliza. Nitasimama hapa hapa unanisema. Lakini kitanda niachie, baba watoto, maana—"

Lango likalia. Mama Mikate akaingia na mkokoteni wake, akatutazama: mmoja juu ya kitanda ana povu mdomoni, mmoja chini na msumeno, mmoja ameshika ubao.

"Hodi," akasema, ingawa alikwisha kuingia.