Siku Niliyomwokoa Bata Asizame

Hili nalisimulia mwenyewe kwa sababu nikinyamaza mtalisikia kwa mke wangu, na yeye huongeza chumvi hata pasipohitajika, kwa hiyo bora mnicheke kwa maneno yangu: mimi ndiye yule mtu aliyeingia bwawani na suruali ya kanisani, mbele ya kijiji kizima na mgeni kutoka Same, ili kumwokoa bata.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, na sisi wa huku juu milimani tulikuwa na shamba letu la pamoja la maharage. Binti yangu Nakiete, wa miaka mitano hivi, alikuwa amenikaba koo anataka mnyama. Si wa kufuga, jamani, wa kushika. Mnyama wa kutazamwa tu kwake hakuwa mnyama, alitaka ambebe, ampapase, ambane kifuani. Tulianza na kifaranga, mama kuku akamkimbiza mtoto mpaka jikoni. Tukaleta paka, akamkwaruza shavu mchana huohuo kisha akahamia kwa jirani. Mtoto wa mbuzi mke wangu alimkataa kabla sijamaliza sentensi ("mbuzi si mdoli, Baba Nakiete"). Basi nikakaa, nikawaza kama mtu mwenye akili zake: asiwe na kucha, asiwe na meno, mdomo uwe butu, na mwendo wake uwe wa pole mtoto aweze kumkamata. Nikapata jibu, bata. Huku kwetu hatukuwa na mabata, mimi nilikuwa nimewaona tu kule chini kwenye mashamba ya mkonge wakitembea mavumbini kwa madaha, na kwa kutowajua huko ndiko nilikojiona mjanja.

Siku ya gulio la Same ikaangukia zamu yangu ya maji. Ndiva, kwa asiyeijua, ni bwawa letu la udongo kule juu, maji ya mfereji yanakusanyika humo usiku kucha, asubuhi unang'oa gogo lililoziba tundu na maji yanashuka kwa mwenye zamu. Kila shamba lina njia yake kwenye mfereji, ukimaliza kumwagilia unaiziba kwa udongo na vigogo vya migomba ili maji ya kesho yasikosee njia. Hilo hata mtoto analijua. Mimi nilikuwa nimemaliza kumwagilia, lori la kwenda Same likapiga honi barabarani, nikatazama njia yangu iko wazi, nikajiambia, nitaziba kesho. Hapo ndipo mkasa wote ulipozaliwa, kwenye neno hilo kesho.

Same nikampata jamaa mmoja wa Kigoma aliyekuja kukata mkonge, ana bata jike mweupe kwenye tenga. "Huyu mpole, kaka," akaniambia, "mtoto atambeba mpaka achoke yeye. Ila anapenda maji." Nikaona hilo ni jambo dogo, nitamwekea kwenye karai.

Kesho yake ilikuwa msaragambo, ile kazi yetu ya wote. Baragumu likapigwa, tukapanda ndivani kukandika kingo, na safari hii palikuwa na jambo zaidi: bwana mmoja wa Chama angekuja kutoka Same kushuhudia maji ya kwanza yakishuka kwenye shamba la ujamaa, na mwenyekiti wetu, Mzee Elinami, angemtangaza mgawaji maji mpya wa kijiji. Mgawaji huyo alikuwa mimi. Mnaelewa maana yake, Mpare kukabidhiwa maji ya wenzake ni kuambiwa kwamba mkono wako ni safi. Nilikuwa sijalala vizuri wiki nzima kwa furaha. Nikavaa suruali ya kanisani. Nakiete akaja na bata wake mgongoni, kamfunga kwa kanga kama mtoto mchanga, na mama yake aliposema ndege abaki nyumbani mimi ndiye niliyesema, "Mwache, kwani atafanya nini?"

Mgeni alisimama chini ya ukingo, karibu na tundu, amevaa viatu vinavyong'aa. Mzee Elinami akasafisha koo. "Tumemtafuta mtu asiyependelea," akasema, "mtu ambaye hata shamba lake likikauka hatajivutia tone la mwenzake." Ndipo bata alipoona maji. Alijinyonga kwenye kanga, akachomoka, akaruka katikati ya ndiva. Kisha (na hapa naomba mnielewe, sikuwa nimewahi kuona) akazamisha kichwa chote, mkia ukabaki juu, miguu inatapatapa.

"Baba, anakufa," Nakiete akalia.

Nikaingia. Tope likanimeza mpaka kiunoni, nikateleza, nikatafuta cha kushika, nikashika gogo. Gogo likanifuata. Maji yakatoka kwa mngurumo, yakampiga mgeni magotini na kuondoka na kiatu chake kimoja, na watu wote wakageuka kutazama yanakokwenda. Njia ya shamba la ujamaa ilikuwa bado imezibwa, ikisubiri hotuba iishe. Za wengine zote zilizibwa. Iliyokuwa wazi ilikuwa moja. Kutoka pale juu maharage yangu yanaonekana vizuri sana, na kijiji kizima kikasimama kutazama maji ya ujamaa yakiingia kwangu, mstari kwa mstari.

Bata akainua kichwa, akajikung'uta, akaendelea kuogelea.

"Baba Nakiete," mzee akasema taratibu, "ulijiandalia njia?"

Nikasema bata. Nilichoweza kusema kilikuwa hicho, nimesimama kwenye tope nikimnyooshea ndege kidole, eti bata ndiye chanzo. Mzee akamwinamia binti yangu. "Mjukuu wangu, bata ndiye aliyeng'oa gogo?"

"Hapana, babu," akajibu yule niliyemzaa. "Bata alikuwa anaoga. Ni Baba."

Walicheka mpaka mgeni, mguu mmoja mtupu, akashika ukingo asianguke. Kucheka wakacheka, lakini faini ya mbuzi nilitoa kama anavyotoa yeyote aliyekula maji ya wenzake, na ugawaji maji akapewa mwingine palepale, kabla sijatoka topeni. Hilo liliniuma, sitawaficha, na linaniuma mpaka leo. Toka siku ile niliapa kwamba mtoto akitaka mnyama nitamtuma kwa mama yake, nami nitakwenda kuziba njia yangu kwanza, hata lori liniache.

Mwaka huo jua lilikuwa kali, maharage ya watu yakanyauka, ya shamba la ujamaa yakatoka machache. Yangu yalijaa maganda mpaka yakalala chini. Tuliyala kwa mlango uliofungwa, na hata hivyo jirani alikuwa akipita dirishani, ananusa, anasema kwa sauti ya upole kabisa, "Ndiyo yale?"