Kanda ya Paa la Bati

Bila mimi, hip hop ya Eastlands ingekufa changa. Ulizeni mtaa wote wa Tena, hapa Nairobi!

Wale vijana wa kundi la Paa la Bati walirekodi wimbo wao wa kwanza sebuleni kwangu. Ikabaki kanda moja tu, na mlinzi wake ni mimi.

Leo Mama Oti akaja. Oti wake, rapa wa kundi, tunamzika Jumamosi.

"Baba Shiru, nataka tu kumsikia mwanangu."

"Mama, umefika benki kuu!"

Nikaweka kanda. Mtu akakohoa. Halafu akaanza kurap, vibaya, kama anayefukuzwa na mbwa.

Mama akainamisha kichwa, akangoja zamu ya Oti.

Wapi! Ni yule yule mpaka mwisho.

"Huyu si Oti."

Nikasema labda kanda imezeeka. Akaondoka, chai hajaigusa.

Wasee, nawasihi. Mwenye nakala, hata mstari mmoja wa Oti, alete kabla ya Jumamosi. Nimepiga simu mpaka Komarock, hakuna.

Na msiniulize nani alifuta.

Haya basi. Walikuwa wamekataa kuniingiza kundini. Nikaziba kwa karatasi vile vitundu vya kanda vinavyozuia isifutwe, ili irekodi tena, nikajaribu kurap peke yangu.

Anayekohoa ni mimi.