Rokoo Iliyofutwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilichelewa dakika kumi, nikaingia lango la chuo jasho linanitiririka na khanga imenidondoka mabegani. Aliyenipokea alikuwa Mlezi Mkuu, mzee aliyestaafu jeshini, mrefu, mwenye kaptula iliyonyooshwa hadi ukaogopa kuigusa. Hakunikemea. Alifungua daftari kubwa, akaandika jina langu kwa wino mwekundu, na pembeni yake akaandika: "Amechelewa. Aonywe." Kisha akageuka akaniambia, "Bi. Zuhura, umeonywa. Sasa karibu kazini."

Ndivyo nilivyoanza utumishi. Mimi ni mtoto wa Dodoma mjini. Babu zangu waliletwa hapa na biashara za misafara, wakabaki na maduka, na nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuajiriwa na serikali kabla yangu. Mama alidhani chuoni nitafundisha. Nilipomwambia kazi yangu ni kuangalia wanachuo wamelala wapi, wamekula nini na wameamka saa ngapi, alicheka mpaka akakohoa. "Kwa hiyo wamekuajiri umama," akasema.

Hakukosea sana. Chuo chetu kilifundisha maafisa maendeleo, wale wanaopelekwa wilayani kuwashauri wakulima na wafugaji. Kila asubuhi saa kumi na mbili filimbi ililia, wanachuo wakapanga mstari mbele ya mlingoti wa bendera, kiranja wa zamu akaita majina na kila mmoja akaitikia "Nipo!" Hiyo ndiyo rokoo. Baada yake ulikuja mchakamchaka, yaani kukimbia kwa nyimbo kuzunguka viwanja, halafu kazi za mikono: kufagia, kumwagilia, kupogolea mizabibu ya chuo. Daftari la rokoo lililetwa kwangu, nami nikahesabu, nikaandika maoni na kusaini.

"Rokoo isiyo na sahihi," Mlezi Mkuu alikuwa akisema, "ni mkusanyiko wa watu wenye usingizi. Sahihi yako ndiyo inayoifanya kuwa shughuli ya chuo. Na daftari likishasainiwa halirudi kwa wanachuo, linafungiwa kwako."

Maneno hayo yaliniingia kama chumvi kwenye mboga. Nilipohamishiwa Mtera, kwenye kituo kidogo cha mafunzo ambako wanachuo walikuja mstarini wakinuka samaki, nilisaini. Niliporudishwa Dodoma miaka kadhaa baadaye, nikapewa kukaimu nafasi ya Mshauri wa Wanafunzi, niliendelea kusaini. Nikiumwa, daftari lililetwa kitandani.

Halafu upepo ukageuka. Maduka yaliyokuwa matupu yakajaa, mitumba ikamwagwa sokoni, na watu tuliozoea kuitana ndugu tukaanza kuitana bosi. Vyama vingi viliporuhusiwa, tawi la chama likaondolewa chuoni, na ofisi yake ikawa duka la soda. Tukaletewa Mkuu wa Chuo mpya, kijana kwa umri wa wakuu, mvaa tai, mwenye haraka. Mwezi wake wa pili alitoa waraka wa ukurasa mmoja: rokoo imefutwa, mchakamchaka umefutwa, kazi za mikono zimefutwa. Usafi ungefanywa na kampuni, na shamba la mizabibu lingekodishwa kwa mfanyabiashara.

Nisiwadanganye, ninyi mnaosoma leo: wanachuo walishangilia. Walipiga sufuria bwenini. Mimi mwenyewe asubuhi iliyofuata nililala mpaka saa moja na sikujuta.

Lakini palikuwa na kundi lisiloshangilia. Walikuwa ishirini na kitu, mashati yamechomekwa, vitabu vimefunikwa kwa gazeti. Mhadhiri mmoja aliwaita Wahafidhina kwa kejeli, nao wakalipenda jina wakalichukua. Wenzao waliwaita Wazee. Kiongozi wao alikuwa Yona Chidosa, mwana wa mkulima wa Mlali, mwaka wa mwisho, mweusi wa kung'aa, mpole, mbishi kama punda aliyekataa mzigo.

Nilimwita ofisini. "Mwanangu," nikamwambia, "wenzako wanafurahia usingizi, wewe unalilia filimbi?"

"Sililii filimbi, mama," akajibu. "Tunafundishwa hapa ili tukawaambie watu walime vizuri. Baba yangu anaamka kabla ya jogoo. Mimi nikae miaka mitatu nafagiliwa chumba, halafu nikamfundishe yeye kazi? Atanicheka. Na atakuwa na haki."

Hapo alinigusa. Lakini Wahafidhina hawakuwa malaika, na sikukubaliana nao kwa kila jambo. Walitaka disko la Jumamosi lifungwe. Walitaka wasichana wakatazwe suruali. Siku walipoleta ombi hilo nilimuuliza Yona, "Suruali ya binti wa watu inakuuma wapi hasa?" Akatazama chini, akasema kamati yao ndiyo iliyopitisha. "Basi iambie kamati ikasome," nikamjibu. Ombi lile halikurudi tena.

La rokoo ndilo waliloling'ang'ania. Waliandika barua kwa Mkuu, iliyopigwa taipu na kupangwa vifungu, wakinukuu kanuni za kudumu za chuo, kile kitabu cha kijani ambacho hakuna mwingine aliyekisoma. Humo rokoo ilikuwa bado ipo. Waraka, walisema, hauwezi kufuta kanuni; kanuni hufutwa na bodi. Mkuu hakujibu. Wanachuo wengine wangegoma, wangetupa sahani. Wahafidhina walikaa wakashauriana, wakaona mgomo ni kinyume cha kanuni. Basi wakafanya kitu ambacho sijakiona tena popote: wakaandamana kwa kutii.

Asubuhi moja, nikiwa bado kitandani kwenye nyumba yangu ya chuo, nikasikia "Nipo! Nipo! Nipo!" Nikajikuta nimesimama, nimejifunga khanga, niko barazani. Walikuwa wamepanga mstari kwenye mlingoti, wamenyooka. Wakamaliza majina, wakashika mifagio yao wenyewe waliyoitengeneza kwa vijiti, wakaanza kufagia uwanja mbele ya wafanyakazi wa kampuni, ambao waliegemea ukuta wakiwaangalia kama watu wanaotazama sinema.

Yona akaja na daftari la shule alilolipiga mistari kwa rula. "Shikamoo mama. Rokoo imekamilika, waliopo ishirini na watatu. Tunaomba sahihi."

Ningeweza kukataa. Nataka mjue hilo. Lakini mkono wa mtu aliyesaini miaka yote ile haumsubiri mwenyewe afikiri. Nikahesabu mstari, nikasaini.

Kesho yake nikasaini. Siku ya tatu vijana wawili walifika mbio, majina yameshaitwa, mmoja anavuta soksi. Ah, hapo nikasahau kabisa kwamba rokoo ile haipo! Niliwasimamisha, nikawauliza kama kwao ndivyo wanavyokwenda shambani, na kwenye daftari nikaandika kwa wino mwekundu: "Wawili wamechelewa. Waonywe." Nikasaini chini. Nimewakaripia watu kwa kuchelewa kwenye shughuli ambayo mkuu wangu ameifuta! Nilipotambua nilichofanya nilicheka peke yangu. Yona hakucheka. Alisoma, akasema, "Nitalitekeleza, mama," akaniachia daftari kama ilivyo desturi. Nikalifungia kwenye mtoto wa meza. Kila alfajiri niliwafungulia wakaandika, kisha nikalifungia tena.

Siku ya tisa Mkuu aliingia na wageni wafadhili waliofika mapema kuona chuo kilivyobadilika. Walichokiona ni vijana ishirini na watatu wamesimama mstarini wakiimba na mifagio mabegani. Mgeni mmoja alipiga picha. Mkuu alibadilika rangi.

Kabla ya saa nne Yona alikuwa na barua ya kujieleza, yaani ile inayokutaka useme kwa nini usiadhibiwe. Kosa: kuitisha mikusanyiko isiyo na idhini na kudharau waraka. Adhabu yake ikithibitika ni kusimamishwa masomo mwaka mzima, na mtihani wa mwisho ulikuwa wiki sita mbele.

Mkuu akaniita mimi pia. Hakupaza sauti. "Bi. Zuhura," alisema, "unajua wizara imetaka orodha ya watumishi wa kupunguzwa. Nimeambiwa majina yaanzie ofisi ya wanafunzi, kwa kuwa rokoo haipo tena. Mimi nimekutetea. Sasa nasikia ofisi yako ilikuwa na rokoo?"

Nilikuwa mjane mwenye watoto watatu. Miaka hiyo watu wenye vyeti vingi kuliko mimi walikuwa wamepunguzwa na sasa wanauza vitumbua. Nikamjibu, "Hapana, Mkuu."

Kamati ya nidhamu ilikaa Alhamisi. Yona aliingia na shati jeupe, akaamkia wote. Alipoulizwa utetezi wake alisema sentensi mbili tu. "Rokoo ilifanyika kwa mujibu wa kanuni na ilisainiwa kila siku. Daftari lipo ofisini kwa Mama Mshauri."

Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alinitazama kama mtu anayesubiri mama yake afungue kabati atoe kitu wanachojua wote wawili kiko humo.

Mkuu akanigeukia. "Lipo?"

Ufunguo ulikuwa kifuani mwangu, umefungwa kwenye pembe ya khanga. Niliusikia ukinigusa. Nikasema, "Daftari la rokoo lilifungwa tangu waraka ulipotoka. Baada ya hapo sina."

Ilikuwa kweli kwa daftari la zamani. Mnaona nilivyoikata? Utumishi unakufundisha kusema kweli ambayo ni uongo mtupu.

Wakamuuliza Yona kama ana la kuongeza. Angeweza kusema mama huyu anadanganya, ishirini na wawili walikuwa nje wakingoja kuitwa, kila mmoja angeapa. Akasema, "Kama Mama Mshauri amesema hana, mimi sibishani na mtu mzima mbele ya watu."

Alisimamishwa mwaka. Jioni ile nilimwona akipita na sanduku la bati kichwani kuelekea stendi, na wenzake nyuma yake wamepanga mstari. Mimi nilithibitishwa kwenye nafasi ya Mshauri niliyokuwa nikikaimu. Barua ya kuthibitishwa niliisoma mara moja, sikuweza kuirudia. Niliona aibu, na aibu ile ilikaa nami mezani na kwenye swala. Kila nilipovuta mtoto wa meza kutafuta gundi, daftari lilikuwa pale.

Mwaka ukaisha. Asubuhi ya kwanza ya muhula akagonga mlango. Amekonda, viganja vimekuwa vya mkulima kweli. "Shikamoo mama. Nimekuja kuripoti, kama kanuni inavyotaka."

"Marahaba," nikasema. Nikatoa daftari nikaliweka mbele yake. "Yona, nilikuwa nalo. Nilidanganya. Niliogopa kupunguzwa. Chukua, tupeleke kwa Mkuu sasa hivi."

Alilifungua polepole, ukurasa kwa ukurasa. "Rufaa ni ndani ya siku kumi na nne, mama," akasema. "Zilishapita."

"Wewe! Mpaka leo kanuni?"

"Mpaka leo." Akafika siku ya tatu, akaweka kidole kwenye wino mwekundu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Hawa wawili niliwaonya siku ileile, kama ulivyoagiza. Sikupata nafasi ya kukuletea taarifa."

Alifunga daftari, akaniachia mezani, akaenda darasani.

Nilikaa pale mpaka adhana ya adhuhuri. Kanuni ya rufaa ilimhusu mwanachuo, lakini ya mtumishi kukiri kosa lake haikuwa na siku kumi na nne. Nikaandika maelezo yangu kwa mkono, kurasa mbili, nikayapeleka kwa Mkuu na nakala kwa bodi, nikaambatisha nakala za kurasa zote tisa. Mkuu aliniambia nimejichimbia kaburi. Nikamwambia afadhali nichimbe mwenyewe, nimeshazoea jembe. Bodi ilifuta adhabu kwenye jalada la Yona, akapangiwa wilaya bila doa. Mimi nilirudishwa nyuma cheo na kupewa onyo la maandishi. Rokoo haikurudi, wala mizabibu.

Nilitumikia miaka mingine mingi chini ya wakuu wanne. Mkiniuliza leo nani alikuwa sahihi, wale waliotaka mambo yabadilike au wale waliotaka yabaki, nitawaambia sijui, na wote niliwauguza malaria. Mabadiliko yalituletea mengi mazuri. Ila nimewaona wengi waliotetea jambo wakitarajia kulipwa kwalo. Wahafidhina wangu walitetea ufagio.

Siku ya kustaafu nilifanya makabidhiano, kazi ya kusoma orodha ya vitu na mrithi wako anatia alama. Mrithi wangu alikuwa binti mchangamfu, kavaa suruali. Akashika daftari la shule lililofifia. "Na hili, mama? La kutupa?"

"Bado kidogo," nikasema. Nikaomba kalamu nyekundu, nikafungua siku ya tatu. Chini ya maneno yangu ya zamani palikuwa na nafasi ya mstari mmoja, nikaandika: "Na wa tatu, Zuhura. Amechelewa mwaka mmoja. Ameonywa."

Nikahesabu, nikasaini, nikamkabidhi.