Msimu Ambao Désiré Hakupiga Simu

Kuna Jumapili moja ninayoikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, na nimeikumbuka tena jana uliponiuliza kama yule nyota wa mpira wa kikapu alifanya vema kuihama timu yake. Maoni ninayo, tena mengi. Naona wachezaji wa siku hizi wanarusha mno kutoka mbali, na wale vijana wa mpira wa Kimarekani wanahama vyuo vikuu kabla mashabiki hawajazoea majina yao. Lakini acha kwanza nikueleze maoni yangu yaliwahi kunifikisha wapi.

Nilikuwa na miaka thelathini na miwili, nafanya kazi kiwanda cha magari hapa Forest, huku ughaibuni, naishi peke yangu katika chumba kilichotazama reli. Mdogo wangu Désiré, niliyekua naye Bukavu tukicheza kikapu kwenye uwanja wa parokia, alikuwa amepelekwa Marekani kama mkimbizi, pamoja na mkewe na binti yao. Alikuwa mfanya usafi kwenye chuo kikuu kimoja, akaipenda timu yao ya mpira, ule wa kofia ngumu na kugongana mabega. Kila Jumapili baada ya misa alinipigia simu. Tulibishana, tukacheka, na wiki yangu ikawa angalau na siku moja yenye mtu ndani yake.

Jumapili hiyo sauti yake ilikuwa chini. Aliniambia timu yake imefungwa tena, naye hata uwanjani hakwenda. Nikamcheka. Kisha nikahamia kwenye kikapu, nikaanza kumsema nyota mmoja aliyekuwa ameacha timu yake. Mwoga, nikasema, hana moyo.

"Labda alichoka kuwa peke yake kule, yaya," Désiré akasema, akiniita mkubwa wake kwa desturi ya kwetu.

"Peke yake namna gani, na batu bote bale banamupigia makofi? Wewe haujue kitu ya basket."

"Bon. Sawa, yaya." Akakata.

Jumapili iliyofuata simu haikulia. Mimi ndiye mkubwa, nikajiambia, atapiga yeye. Majani yakapukutika, theluji ikaja ikaondoka, na mimi nikawa natazama mechi bila mtu wa kumwambia niliyoyaona. Mwishowe nikawa naiambia televisheni, tena kwa sauti kubwa.

Maman Béatrice, jirani yangu aliyehudumia wagonjwa kule Woluwe, alinisikia kupitia ukuta. Mchana mmoja akagonga akiwa na sahani ya sombe, kisamvu cha kwetu, akachungulia ndani.

"Uko na nani humu?"

"Niko peke yangu, maman."

"Donc unagombana na nani?"

Nikamweleza habari za Désiré. Hakukubali hata kuketi.

"Unajua mupira yote ya Amerika, lakini mutoto ya mama yako, haujue hata kama amekula. Piga simu. Mimi nangoja hapa."

Akasimama mlangoni mpaka nikapiga.

Désiré alipokea upesi. Ndipo nikajua: juma lile la ugomvi wetu, mkewe alikuwa ameondoka na binti yao, wakahamia jimbo lingine.

"Nilitaka kukuambia, yaya," alisema, "lakini ulikuwa unaongea basket."

Hakunikasirikia. Laiti angenikasirikia! Tunazungumza hadi leo, lakini msimu ule alijifunza kubeba mambo yake bila mimi. Nikimuuliza hali, hunijibu "ça va, yaya," yaani yuko sawa, halafu hunipa matokeo ya mechi. Nami husikiliza, nikingoja aongeze jambo lake mwenyewe. Mara nyingi haongezi.

Basi, mwanangu, upende mchezo wako na ubishane upendavyo. Ila mtu akikupigia kukuambia nani kafungwa, mwulize kwanza yeye mwenyewe yukoje, kabla hujamweleza kocha alikosea wapi. Sauti yake ikishuka, nyamaza umsikilize. Na mkikosana, piga wewe, hata kama wewe ndiye mkubwa. Usisubiri msimu upite. Mungu akujalie watu wa kukuuliza hali, na akupe subira ya kuwasikiliza wangali bado wanataka kukuambia.