Maziwa ya Marehemu

Wakati wa Mwingereza, lori la serikali lilileta maziwa ya unga kutoka Bukoba hadi zahanati ya kwetu Ijumbi. Yalikuwa ya watoto waliokonda. Binti yangu wa pili alikuwa amekonda mpaka ngozi ya mapaja inaning'inia. Nilisimama kwenye foleni tangu asubuhi, na jua lilipokuwa kichwani nikafika kwa karani, kijana wa mjini mwenye viatu vinavyong'aa.

"Kadi si unayo?" akaniuliza.

"Hiyo ni ya dada yake. Alikufa."

"Tumia hiyo hiyo, mama. Maziwa yanajua jina?" Akacheka. Akampima mwanangu na kuandika uzito wake chini ya uzito wa mwisho wa marehemu, kama vile hakuna aliyewahi kufa.

Nami niliyesoma mpaka darasa la kumi nikapokea mkebe wa maziwa. Nilitaka maziwa.

Nyumbani, chakula hupita kwanza mikononi mwa mama mkwe. Akaupokea mkebe, akaugeuza geuza.

"Wamekupa kwa jina la nani?"

Nikamwambia. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekoroga, mimi nikiwa shambani nachuma kahawa.

Wiki zikapita. Mkebe ulikwisha upesi, mtoto hanenepi. Kila nilipompeleka kwenye mizani, karani alisema, "Mama, unamlisha nani?" Nilitamani kumpiga kofi.

Asubuhi moja umande ulikuwa bado haujakauka. Niliingia kibanjani, shamba letu la migomba nyuma ya nyumba, kukata majani. Pale tulipomzika wa kwanza, kati ya migomba, nikaona mtoto amekaa juu ya kaburi, amenipa mgongo. Mgongo ule ule. Kisogo kile kile. Nikamwita marehemu kwa jina lake.

Akageuka. Alikuwa huyu wa pili, aliyetambaa mwenyewe kutoka nyumbani. Midomo yake ilikuwa myeupe, imechanganyika na udongo. Juu ya kaburi unga wa maziwa ulikuwa umemwagwa, umande umeugandisha kama ngozi, na vidole vyake vimeukwangua.

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu na bakuli.

"Usimkemee. Dada yake amemkaribisha."

"Mama, umemwaga chakula cha mwanangu hapa?"

"Si chake. Kimeombwa kwa jina la mwenzake. Mwenye jina asipokula kwanza, atakuja kumchukua huyu."

Na kila Jumapili alikuwa wa kwanza kanisani, mama mkwe huyo! Nikamnyakua mtoto, nikashika njia ya zahanati bila hata kunawa miguu.

"Andika amekufa," nikamwambia karani.

"Lakini kwenye karatasi anaendelea..."

"Andika! Halafu mwandikie huyu kadi yake."

Akaandika. Kalamu ilikwama mara mbili kwenye neno lile, na mtoto mgongoni kwangu akalia kila ilipokwama.

Niliporudi, mama mkwe aliuliza, "Na yule mwingine?"

Nilikoroga kikombe kizima cha maziwa ya kadi mpya kwa mkono wangu. Mwanangu akanywa mpaka tone la mwisho, halafu akanyoosha kikombe kitupu kuelekea kibanjani, anacheka na mtu.

Nikafunga mlango, nikakoroga kingine. Cha huyu wa pili peke yake.