Chupa Nzuri za Meneja

Mama Mkubwa hakuwa mtu wa kukiita kitu kizuri hivi hivi. Mtaa ulilijua hilo kabla ya kujua anakaa nyumba gani.

Alifanya kazi katika nyumba ya wageni nyuma ya kituo cha mafuta. Alifua mashuka, akapiga deki, na alfajiri alichemsha chai, akaijaza kwenye chupa za chai na kuzipanga koridoni, kila chupa mbele ya mlango wake. Vitu vya nyumba ya wageni havina mwenyewe, kwa hiyo hakuna anayevihurumia. Mgeni ataikalia ndoo. Atazipiga pasi soksi mbichi. Atalining'iniza begi lake kwenye mshikio wa birika, na mshikio ukikatika ataliweka chini birika taratibu, kama mtu aliyelikuta hivyo. Kitu kilichomaliza mwaka pale Mama Mkubwa alikiheshimu. Kilichokufa alijua kilivyokufa, maana yeye ndiye aliyekizoa.

Ndiyo sababu watu walipita kwake kabla ya kwenda madukani. Hawakusema wamekuja kuuliza. Walikuja kusalimia, wakakaa kwenye kigoda, wakamuulizia magoti yake, halafu wakasema, kana kwamba ni jambo lililowapitia tu kichwani, "Eti Mama Mkubwa, yale mabeseni ya kijani unayaonaje?"

Akijibu "si mbaya", mtu aliinuka akaenda kununua, hata chai yake hakuimaliza. Kilichoitwa "si mbaya" na Mama Mkubwa kilikuwa kimetoka mbali. Akijibu "yanajitahidi", hayo yalikuwa ya nyumba isiyo na watoto. Lakini akisema "mazuri", mtu alimshukuru, akamaliza chai yake na kurudi nyumbani na pesa zake.

Hilo la mwisho mtaa ulijifunza kwa mshonaji wa pale kona. Aliwahi kumuuliza juu ya pasi moja nyekundu, naye akamjibu, "Nzuri. Ina rangi ya kupendeza." Mshonaji akainunua. Pasi ikaacha umbo lake lote mgongoni mwa gauni la bibi harusi. Aliporudi kulalamika, Mama Mkubwa aliendelea kukamua shuka.

"Nilikwambia rangi," alisema. "Ungeniuliza moto, ningekwambia moto."

Sasa, Mama Mkubwa alikuwa na mtoto wa mdogo wake, aliyemlea kwa mkono wake mwenyewe. Mtaa ulimwita Meneja. Jina hilo alilipata akiwa bado mbeba maboksi kwenye ghala la watu, kwa vile alitembea na kalamu mbili mfukoni na hakuna aliyewahi kumwona akiandika. Mwaka huo aliacha kazi ya ghala, akapanga fremu kwenye barabara ya sokoni, akafungua duka la vyombo. Duka lilikuwa safi. Ndoo zilisimama kama wanafunzi mstarini. Waliokosekana ni wateja tu.

Mwenye fremu hakumwambia neno baya. Alimleta kinyozi. Kinyozi alikuja na futi kamba, akapima ukuta wa kushoto, akapima wa kulia, kisha akamwomba Meneja asogee kidogo kwa sababu alikuwa amesimama mahali pa kioo.

"Mwisho wa mwezi tutazungumza," mwenye fremu alimwambia Meneja, kwa upole wa mtu aliyekwisha kuzungumza na mwingine.

Jioni hiyo Meneja alimkuta Mama Mkubwa akimenya viazi.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba. Umekonda."

"Nimekuja na ombi."

"Nipe hiyo sufuria kwanza."

Akampa. "Nataka sauti yako," alisema. "Nimeweka spika pale mlangoni. Huu mtaa unakusikiliza wewe kuliko redio. Utasema maneno machache juu ya vitu vyangu, nitakurekodi kwenye simu, basi."

"Nitasema nilichokiona."

"Sema ulichokiona. Ila useme kwa furaha."

"Furaha ninayo. Haionekani."

Kesho yake, akitoka kazini, alipita dukani. Rafu yote ya katikati ilikuwa na chupa za chai zenye maua ya waridi. Meneja alikuwa amezichukua kwa wingi kwa ajili ya hayo maua. Mama Mkubwa alizifahamu, zilikuwa zimepita nyumba ya wageni. Akaichukua moja, akaigeuza, akasema mbele ya simu pole pole, "Chupa hii ni nzuri. Maua yake hayafutiki. Ukitia chai alfajiri, ikifika saa nne unakunywa maji ya kumwogeshea mtoto. Zile ndoo za bluu, hizo si mbaya." Kisha akaaga, viazi vilikuwa vinamsubiri.

Meneja alibaki na simu mkononi. Aliisikiliza sauti ile mara ya pili, akaitazama rafu ya katikati, akamkumbuka kinyozi. Halafu akaikata ile sauti. Alikuwa amekua akilisikia hilo "nzuri" la Mama Mkubwa, lakini siku zote alidhani ni utani wa nyumbani kwao. Hakujua kwamba umetoka nje na mtaa mzima umeushika.

Asubuhi spika ikaanza, kwa sauti ya Mama Mkubwa mwenyewe: "Chupa hii ni nzuri. Chupa hii ni nzuri. Chupa hii ni nzuri."

Mwanamke mmoja aliyekuwa ameshaweka mguu mlangoni aliurudisha. Wawili waliokuwa nyuma yake walivuka barabara. Watu walipita upande wa pili wakilitupia duka jicho la pembeni, kama nyumba iliyotangaziwa ugonjwa. Kabla ya adhuhuri mshonaji alifunika cherehani yake, akaenda nyumba ya wageni na mfuko wa machungwa.

"Pole," alisema.

"Ya nini?"

"Ya hali." Mshonaji alimwangalia jicho moja, akahamia la pili. "Umekula?"

"Nimekula."

"Kichwa?"

"Kipo."

"Tumekusikia kwenye spika unasema nzuri, unarudia, unarudia. Mimi nikasema hii ni homa, si bure. Wengine wanasema mwanao amekukosea, unatuonya tusikanyage pale."

Mama Mkubwa alipokea machungwa. Nyuma ya mshonaji alikuwa anakuja muuza mkaa, naye na uso wa msibani.

Jioni hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja dukani, na aproni yake mbichi kiunoni. Kinyozi alikuwepo, na safari hii alikuja na fundi umeme, wakiangalia wapi patakaa soketi. Mama Mkubwa alisimama mlangoni akajisikiliza.

"Umenikata," alisema.

"Nimefupisha tu, Mama Mkubwa. Tangazo refu linachosha watu."

"Kesho mtu akija kuniuliza sabuni, nimjibu kwa mdomo upi? Huu, au huo wa mlangoni?"

Meneja aliangalia chini. "Hakuna aliyenunua," alisema, na sauti ilimtoka ndogo. "Hata mmoja. Wote wanaingia kwa jirani."

"Watanunuaje? Kutwa nzima nawaambia wasinunue."

Kinyozi alicheka, kisha akaona si mahali pake, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Meneja alimtazama Mama Mkubwa, akaitazama spika, na mtu angeweza kuona jambo likimwingia taratibu, kama maji kwenye kiatu.

"Zima hicho," alisema Mama Mkubwa. "Lete maji."

Akaanza na ndoo. Alizijaza, akaziinua kwa kidole kimoja, akaziacha zining'inie. Alikalia mabeseni. Alifunika sufuria na kuzitikisa karibu na sikio. Kinyozi na fundi umeme walisahau soketi, wakawa wanamsogezea vitu. Majirani walipoanza kuteremsha milango ya maduka yao, alijifuta mikono akaitaka simu.

"Ndoo za bluu si mbaya. Za njano mshikio wake unang'oka, nunua kama una waya. Sufuria si mbaya, ila vifuniko ni vya sufuria nyingine. Mabeseni yanajitahidi. Chupa za chai ni nzuri."

"Ishia hapo," Meneja alisema haraka, kidole kikiwa tayari juu ya simu. "Hujasema uongo. Mtaa utaelewa."

"Na asiye wa mtaa?"

"Huyo..."

"Huyo pesa zake za kuokota?"

Meneja akaondoa kidole.

"Chai itapoa kabla ya saa nne," Mama Mkubwa alimalizia, akampa simu yake.

Asubuhi spika ilisema yote. Ilisema na "ishia hapo" ya Meneja, na "huyo", na pesa za kuokota, kwa sababu hakuthubutu tena kukata hata pumzi. Watu walisimama barabarani kusikiliza mpaka mwisho, wakamwangalia mwenye sauti ya pili alivyo, halafu wakaingia. Ndoo za bluu ziliisha siku hiyo hiyo. Za njano nazo zilianza kutoka Meneja alipopata akili ya kuuza waya. Mwenye fremu alipokuja kwa yale mazungumzo ya mwisho wa mwezi, alikuta hakuna pa kusimama. Akaongea habari za mvua, akaondoka. Kinyozi alitafutiwa fremu nyingine ng'ambo ya barabara.

Chupa za chai peke yake ndizo zilizobaki, rafu nzima ya maua.

Mchana mmoja alisimama pale mtu ambaye hakuwa wa mtaa, koti mkononi. Alilisikiliza tangazo likaisha, likaanza upya, akalisikiliza tena.

"Nipe mbili zile za maua," alisema.

Meneja alizishusha, lakini hakuziachia. "Umesikia lakini, kaka. Ikifika saa nne..."

"Nimesikia. Nampelekea baba mkwe."

"Hanywi chai?"

"Anakunywa. Chai yake inatoka jikoni na sufuria. Chupa anaziweka kabatini, nyuma ya kioo, na ufunguo anatembea nao."

Meneja akazifunga kwa gazeti, moja moja.

Jioni alimfuata Mama Mkubwa kazini kwake, akamkuta uani anaanua mashuka, akamsimulia. Mama Mkubwa alisikiliza huku shuka moja limemlalia begani.

"Aliuliza bei?"

"Hakuuliza. Alitoa tu."

"Basi hajakaa sana kwenye ndoa," alisema Mama Mkubwa, akamtupia ncha ya shuka amsaidie kukunja.