Kibao cha Njano

Juzi, mtaani Chemchem, niliona kibao cha namba kilichopakwa matope, nikasikia tena harufu ya mavi ya ng'ombe. Utotoni mwangu vibao vyeusi vilikuwa vimeondolewa: magari binafsi yalipewa vya njano, ya biashara vyeupe. Mjomba alibeba abiria wa nauli kwa gari la kibao cha njano. Alipokipaka mavi alasiri ile, nilidhani anakikinga na kijicho. Kumbe alificha rangi tu.

Nilikuwa na gauni jeupe la komunyo, naenda naye kumwonyesha bibi kijijini Kwihara.

“Namba iko wapi?” askari aliuliza njiani.

“Ng'ombe hao, afande.”

“Futa.”

Mjomba alivuta gauni langu, akakifutia kibao. “Misa si imeshaisha?”

Tulipofika, bibi alininyooshea mikono, kisha akairudisha.